Rekodi ya PTR kwa Seva ya Barua Pepe: Mwongozo kwa Ofisi za Nairobi

Ofisi ikihama kutoka Kenyatta Avenue kwenda Westlands, seva ya barua pepe huhama nayo, na mara nyingi kampuni ya intaneti hubadilika. Muda si mrefu wateja wenye Gmail huanza kulalamika kwamba hawapati ankara, na kwenye kumbukumbu za seva hujitokeza jibu 550-5.7.25. Maana yake ni kwamba anwani mpya ya IP haina rekodi ya PTR, ile inayotaja jina la mashine mtu anapouliza kwa anwani, au jina lililomo halirudi kwenye anwani ile ile. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameliweka hili miongoni mwa masharti yao kwa watumaji.

Wengi hukimbilia kwa kampuni iliyowauzia kikoa cha .co.ke. Huko hawatasaidika. Paneli ya kikoa hushughulikia rekodi za A (inayotaja anwani ya jina), MX na TXT. PTR iko mikononi mwa mwenye anwani. Anwani za IP za Afrika hugawiwa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius, na kampuni za intaneti hupewa mafungu ambayo nazo huwagawia wateja. Kwa hiyo ombi lipelekeni kwa kampuni inayowaletea faiba. Kama hamjui fungu ni la nani, itafuteni anwani yenu kwenye whois ya AFRINIC.

Kabla ya kuomba, hakikisheni anwani ni ya kudumu na ni yenu peke yenu. Vifurushi vya nyumbani, ambavyo ofisi ndogo za Kilimani na Lavington hupenda kwa bei, aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo PTR yenu haiwezekani. Lipieni huduma ya biashara.

Anzeni kwa kuweka rekodi ya A ya jina la seva, kisha andikeni ombi fupi lisilo na utata:

“Tunaomba anwani 192.0.2.25 iwekewe PTR yenye jina barua.mfano.co.ke. Rekodi ya A ya jina hilo tayari ipo.”

Fundi wa upande wa pili ataiandika chini ya 25.2.0.192.in-addr.arpa, mpangilio wa sehemu zake nne ukiwa umegeuzwa. Mkijibiwa kwamba kazi imekwisha, msiishie kuamini. Andikeni dig -x 192.0.2.25, au nslookup kwenye Windows, kisha ulizeni jina mlilopewa: lazima liwarudishe kwenye 192.0.2.25. Jina hilo hilo ndilo seva ijitambulishe nalo inapoanza mazungumzo. Kwenye programu ya barua ya Postfix hukaa kwenye myhostname. Rekodi ya zamani inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva nyingine hata siku nzima, kwa hiyo ombeni mabadiliko kabla ya kuhama.

Kinachosahaulika zaidi ni laini ya akiba. Faiba ikikatwa na wachimbaji wa barabara, ofisi huendelea kufanya kazi kwa kampuni ya pili, lakini barua sasa zinatoka kwenye anwani nyingine. Nayo iwe na PTR yake, rekodi ya A inayorudi kwake, na nafasi ndani ya SPF, rekodi inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chenu. Zimeni laini kuu jioni moja, tumeni barua kwenda Gmail, mkague kwenye vichwa vyake ni anwani gani iliyotumika na jina gani limesomeka.