Mama asiuze shamba la kahawa

Shangazi,

Ni kijana wa Tunduma, nasoma mwaka wa kwanza katika chuo kimoja jijini Mbeya. Muhula huu tuna somo la utangulizi wa kanzidata, na jaribio la kwanza nimefeli. Maana ya ufunguo mkuu na ufunguo wa kigeni naijua kwa moyo, lakini nikipewa swali la kubuni majedwali, kalamu inagoma. Wenzangu wana laptopu, mimi nina simu tu. Mama anataka kuuza kipande cha shamba la kahawa Mbozi ili aninunulie. Mimi nafikiria kuhamia biashara, maana likizo humsaidia mjomba wangu, wakala wa forodha kule mpakani, na kazi ile naiweza. Nifanyeje?

Mwana wa Mpakani

Mwanangu, kwanza kabisa mzuie mama. Mbuni huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, na shamba likishauzwa ndiyo limekwenda. Tena swali lililokuangusha halihitaji laptopu, linajibiwa kwa karatasi na penseli. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha mwaka 1970 wazo la kuweka taarifa kwenye majedwali, ili anayezitafuta asilazimike kujua mashine imezihifadhi vipi. Programu ya kanzidata ya Oracle ilikuja kuuzwa mwaka 1979. Wazo lilitangulia programu hiyo kwa miaka tisa.

Sasa fikiria daftari la kazi la mjomba wako. Kila dereva anapovuka kwenda Nakonde huandikwa upya: jina, simu, namba za gari, mzigo, malipo. Akibadili laini, namba ya zamani inabaki kurasa zote za nyuma. Dawa yake ni dereva kuandikwa mara moja kwenye jedwali lake, na kila safari imrejelee.

Imrejelee kwa kitu gani? Si kwa jina, akina Juma ni wengi. Si kwa simu pia, maana dereva wa njia hii ana laini ya Tanzania na ya Zambia, na yoyote inaweza kupotea. Mtanzania ana namba ya NIDA, lakini Mzambia na Mkongomani hawana. Basi wewe mwenyewe unampa namba, ambayo haitabadilika hata akibadili kila kitu kingine. Huo ndio ufunguo mkuu uliokuwa ukiukariri.

Gari nalo litakufundisha zaidi. Kichwa kina namba yake, tela lina yake, na kichwa kilichovuta tela hili leo kitavuta jingine mwezi ujao. Ukiviandika kama kitu kimoja utashindwa kueleza tela lilikuwa na nani siku mzigo ulipopungua. Kila kimoja kiwe na jedwali lake, na jedwali la safari liunganishe kichwa, tela, dereva na tarehe. Funguo za kigeni zinakaa hapo.

Kwenye malipo, usiandike kiasi bila sarafu na tarehe. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha. 50,000 ya Desemba ikawa 50. Na unapofanya zoezi hili weka majina ya kubuni. Simu za madereva ni zao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhamia biashara sikukatazi kama moyo uko huko, ila usiende kwa kuikimbia kanzidata. Utaikuta inakusubiri: tamko la mzigo analoingiza mjomba kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), na lile la wenzake wa Nakonde kwenye mfumo wa forodha wa ASYCUDA, yote huishia kwenye majedwali ya namna hii.

Kuhusu mazoezi ya SQL, lugha ya amri za kanzidata, simu ya Android inakuja na SQLite ndani yake, na zipo programu za bure za kuandikia amri humo. Kuandika kwenye kioo kidogo kunachosha, kwa hiyo tumia pia maabara ya chuo, na ukirudi nyumbani muombe mjomba kompyuta ya ofisi Jumapili. Laptopu utaitafuta taratibu, bumu likiruhusu.

Wiki hii chora majedwali hayo umpelekee mwalimu wako kabla ya jaribio la pili. Usimwambie hujaelewa somo, maana hatajua aanzie wapi. Mwekee karatasi mezani umuulize: mzigo ukihamishiwa kichwa kingine pale Tunduma kisha ukaendelea hadi Lubumbashi, hiyo ni safari moja au mbili? Naye atakuuliza mjomba wako hudai malipo kwa lipi, kwa mzigo au kwa gari. Nenda ukiwa umeshampigia mjomba simu.