Usikate Wimbo Kabla ya Chemko

Wadogo zangu, dada yenu leo naandika nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Jana tulinyonga baiskeli kutoka Mwenge hadi Bagamoyo na kurudi, na upepo wa bahari ukaamua kutukabili tukiwa tumeshachoka. Lakini si miguu ninayotaka kuzungumzia. Kuna ujumbe wa binti wa Tabata ambao nimekaa nao wiki nzima.

"Shikamoo dada. Nina miezi mitatu kwenye kikundi cha baiskeli. Barabarani sina shida, nakwenda nao sawa. Shida ni tukisimama kunywa chai. Kila mtu anaanza: mimi nilimwona fulani jukwaani, mimi nilikuwepo siku ile. Mimi sijawahi kukata tiketi ya shoo hata moja, na kwenye simu yangu zimejaa taarabu za mama. Nikiulizwa nasikiliza nini, najibu 'chochote tu' halafu najifanya naangalia upepo wa tairi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nimecheka, maana hilo la kubonyezabonyeza tairi lisilo na tatizo nimelifanya mimi mwenyewe, sitaki kusema mara ngapi.

Sasa nikuulize. Mtaani kwenu hakujawahi kufungwa turubai? Hukuwahi kusimama nyuma ya viti, usiku, ukamwona mama mtu mzima akiinuka taratibu na noti yake, akasubiri ule mstari anaoutaka, ukifika tu akaenda kumtunza mwimbaji huku jicho kalielekeza kwa jirani aliyekaa upande wa pili? Na yule jirani naye, wimbo haujaisha, akainuka na noti kubwa zaidi? Hiyo ni shoo, mdogo wangu. Haikuwa na tiketi, basi. Wenzako wanaokwenda kumbi kubwa hukaa mita hamsini kutoka jukwaani wakitazama skrini. Wewe uliona mpaka jasho kwenye pua ya mpiga kinanda. Hayo ndiyo ya kusimulia, na ukiyasimulia vizuri chai itawapoa mikononi.

Nakwambia hivi kwa sababu ya mzee mmoja wa kikundi chetu. Tunamwita Babu, ingawa kwenye mlima wa Bunju anatuacha wote. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Siku moja pale Mapinga, tuko kwenye supu na chapati, kijana mmoja akapiga kwenye simu wimbo wa Mlimani Park, wale wa Sikinde. Babu akaweka kijiko chini.

Akasema miaka ya themanini hakuwa na kiingilio. Yeye na rafiki yake walikuwa na Phoenix moja, baiskeli ya Kichina, nzito kama kitanda. Waliipeleka hadi kwenye ukuta wa ukumbi mmoja wa wazi huko Magomeni, wakaiegemeza, mmoja akaishika usukani na tandiko, mwingine akapanda juu ya keria na kuchungulia ndani. Zamu kwa zamu. Aliyeko chini anasikia bila kuona, na aliyeko juu lazima amsimulie: sasa mpiga tarumbeta kasimama, sasa kina mama wamepanga mstari.

"Tatizo," akasema Babu, "nyimbo zenyewe zilikuwa ndefu."

Kama hujakulia kwenye dansi nikueleze kidogo. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuimba: kisa kinasimuliwa polepole, magitaa yanazungumza chinichini. Kisha ngoma zinabadilika, mwendo unapanda, magitaa yanaachiwa. Hiyo ndiyo chemko, na ndipo watu huinuka. Sasa rafiki yake Babu mikono ilikuwa inamchoka katikati ya wimbo. Alikuwa anaanza kulalamika kisa hakijaisha, na chemko ikianza tu anaitingisha baiskeli: shuka, zamu yangu. Babu anasema alimwona mwimbaji usiku kucha, lakini chemko zote alizisikia ameshika usukani, uso umeelekea ukutani.

Kijana wetu wakati huo alikuwa ameshagusa simu, anataka kuruka kwenda kwenye wimbo unaofuata. Babu akamshika mkono. "Acha uishe."

Tukakaa kimya mpaka ukaisha. Dakika kadhaa, chapati zinapoa. Tangu siku ile ni sheria kwetu: ukileta wimbo, unaisha. Na huleti wimbo mtupu. Unasema uliusikia wapi, ulikuwa na nani, mlirudi vipi nyumbani. Zamani watu walikuwa wakijaza kadi za salamu za redio: wimbo ninaoomba ni huu, uwafikie fulani na fulani, popote pale walipo. Wimbo ulikuwa haujakamilika bila majina ya watu, na mimi naona walikuwa sahihi.

Nanyi wenye shoo nyingi, msidhani nimewasahau. Kuna mtu kila hadithi yake inaanza na "wewe ulikuwa hujazaliwa." Dada yenu naomba aiache. Kuzaliwa mapema si kipaji. Na ubishi wa Sikinde na Msondo tunaujua, ni kama Simba na Yanga, tena Msondo ni wakongwe zaidi, walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz na Mlimani Park wakafuata 1978. Bishaneni, raha yake ipo. Ila ukiona mwenye taarabu zake amenyamaza pembeni, mpe nafasi.

Nami nitoe yangu. Nilimwona Bi Kidude Ngome Kongwe, Unguja, kwenye Sauti za Busara, miaka michache kabla hajafariki mwaka 2013. Mwili mdogo, umri hakuna aliyeujua kwa hakika. Ngoma ya msondo amefungiwa kiunoni kwa kanga, anaipiga kwa viganja kana kwamba anaidai. Nilikuwa nimeazima baiskeli kwa mwenyeji wangu wa Bububu. Nikarudi nayo usiku, kilomita kumi hivi, tochi nimeing'ata kwa meno kwa sababu taa haikuwaka. Njia nzima miguu yangu ilifuata ile ngoma. Mnyororo ukachomoka mara mbili na sikukasirika. Mpaka leo nikichoka kwenye mlima, naihesabu ile ngoma.

Msidhani mimi ndiye mwehu peke yangu. Kraftwerk, wale Wajerumani wa muziki wa mashine, walikuwa wapenda baiskeli kwelikweli. Mwaka 1983 walitoa wimbo wa Tour de France wenye sauti ya mnyororo na pumzi za mtu anayepanda mlima. Mwaka 2009 wakapiga shoo ndani ya uwanja wa mbio za baiskeli wa Manchester, na ulipofika wimbo huo waendeshaji wanne wa timu ya Uingereza wakaingia kuzunguka huku bendi inapiga. Ningetoa hata tandiko langu kuwepo siku ile.

Lakini muziki wetu uwe wa kwenye supu, si wa barabarani. Hapo nitakuwa mkali. Mimi niliwahi kunyonga na hedifoni masikio yote mawili, karibu na Boko. Sikusikia honi, sikusikia wenzangu wakipiga kelele "gari nyuma!" Lori lilipita nikahisi upepo wake kwenye kiwiko. Nikashuka, nikakaa kwenye mchanga, magoti yakitetemeka. Na spika ya kufunga kwenye usukani nayo si dawa, maana inawaziba masikio hata wale ambao hawakuuchagua wimbo wako. Kama huwezi kukaa bila muziki, imba. Ukiishiwa pumzi utanyamaza mwenyewe.

Haya, binti wa Tabata. Jumamosi chagua wimbo mmoja, ule ambao mama yako akiusikia huacha kukoroga mboga. Kwanza muulize ulipigwa harusi ya nani na nani alimtunza mwimbaji ili kumsema nani. Mama zetu hawasahau vitu hivyo. Halafu mkisimama usikimbilie tairi. Kaa karibu na wazee wa kikundi, useme, "Leo naleta wa mama."

Kuhusu Babu, nilimuuliza jana tukiwa Kerege kama yule rafiki yake bado yupo. Yupo, Mbagala, ana wajukuu saba. Wanapigiana simu kila Idi, na kila Idi Babu anamwambia anamdai chemko.