Punda Wako Si Mkaidi, Miguu Inamuuma

Mdogo wangu wa Merti, swali lako nimelielewa. Punda aliyewabebea maji tangu mama akiwa na nguvu zake sasa anabaki nyuma ya wenzake njiani kutoka mtoni, asubuhi anainuka kwa shida, na kaka yako anasema amekuwa mkaidi, bora auzwe. Kaka naye asome hapa, tafadhali. Mengi yanamhusu yeye na fimbo yake.

Punda huficha maumivu. Huko nyikani anayechechemea ndiye fisi humwona kwanza, kwa hiyo punda akiumia hunyamaza, hula, hutembea, na wewe unaona yuko sawa. Ukimwona amebaki nyuma waziwazi, jua ameumia kwa muda mrefu. Ndiyo maana sikubali hilo neno mkaidi mpaka mtu ainue miguu yote minne na kuiangalia.

Na kuinua kuna adabu yake. Mtu aliyezoeana naye amshike kichwani, kivulini, mahali tambarare. Wewe simama ubavuni, pitisha mkono polepole kutoka begani hadi chini, uunyanyue mguu kidogo tu kutoka ardhini. Usiupandishe juu, usiuvute pembeni: kiungo cha mnyama mzee hakikunjiki tena kama zamani, na mguu uliobaki chini unabeba uzito wa ziada. Akianza kutetemeka, mwachie apumzike. Watu wengi hupigwa hapo kisha husema shukrani ya punda ni mateke, kumbe goti ndilo lililojibu.

Toa uchafu kwa kijiti butu au kipande cha chuma kilichopindwa kisicho na makali, ukianzia kisigino kwenda mbele. Kwenu kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni mwiba wa mathenge, ule mti uliojaa Isiolo nzima; mwiba wake huingia kwenye wayo ukakatikia ndani. La pili ni jiwe dogo lililojikaza, maana ukitoka tu kwenye udongo laini wa Ewaso Nyiro unapanda mawe meusi yanayokata. Kisha nusa. Harufu mbaya na uchafu mweusi kwenye ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya wayo ni dalili ya kuoza, na kwa kawaida hutokana na kusimama kwenye matope na kinyesi. Dawa yake kubwa ni usafi wa kila siku na boma kavu. Mwisho, shika kwato zote kwa kiganja asubuhi kabla jua halijazipasha, uone kama kuna moja iliyo moto kuliko nyingine.

Punda aliyekuwa mzima jana, leo hataki kabisa kukanyaga mguu mmoja, mara nyingi ana jipu ndani ya kwato. Usaha umebanwa hauna pa kutokea, na maumivu yake ni makali. Mtaalamu wa mifugo hulifungua kwa chini, usaha ukatoka, kisha wewe unalowesha mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi na kuufunga kwa kitambaa safi na kipande cha gunia juu yake. Nakuomba usilichimbe mwenyewe kwa kisu cha nyumbani. Na kwa kuwa kidonda cha kwato ni mlango wa pepopunda, muulize daktari kuhusu chanjo siku hiyohiyo.

Sasa urefu wa kwato. Lamu, ambako punda hutembea kwenye mchanga, kwato hazisuguliwi vya kutosha. Hurefuka na kupinda mbele mithili ya kiatu cha sultani. Kliniki ya punda iliyopo kule tangu 1987 imekuwa ikihudumia wanyama wa namna hiyo bila malipo. Kwenu Merti mawe husugua, lakini husugua vibaya: punda anayekwepa maumivu hukanyagia upande mmoja, upande huo unaisha, wa pili unakua, na kiungo cha juu kinapinda kuufuata. Hivyo ndivyo tatizo la kwato linavyogeuka kuwa tatizo la goti. Kwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kasoro ya mwaka mzima haiondoki kwa siku moja. Anayepunguza atumie tupa na kisu cha kwato, apunguze kidogo kidogo, arudi baada ya wiki sita au nane. Panga hapana. Panga hupasua ukuta wa kwato na likizidi hufika kwenye nyama. Oili chafu ya gari nayo msiipake kwato, iacheni kwenye gari.

Mkipata daktari wa mifugo wa kaunti au mtaalamu aliyesomea, mwambieni kwamba ni punda. Mengi yaliyoandikwa kuhusu kwato yanahusu farasi wanaofugwa Ulaya, wenye viatu vya chuma na zizi la nyasi. Kwato ya punda imesimama wima zaidi, ni nyembamba, na hunyonya maji kwa urahisi zaidi. Ukiilazimisha ifanane na ya farasi unamharibia mwendo.

Kuna ugonjwa mwingine ambao huja na neema. Mvua ikinyesha, kama ile ya mwisho wa 2023 baada ya ukame wa misimu mitano, majani mabichi yanatapakaa kila mahali, na punda mzee aliyezoea nyasi kavu hula bila breki. Au anaingia stoo na kumaliza mahindi. Sukari ikizidi mwilini, nyama inayoshika mfupa ndani ya kwato huvimba. Utamwona anaegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, kwato zina joto, hataki kugeuka. Mwondoe kwenye chakula hicho, msimamishe kwenye mchanga laini, mwite daktari haraka. Lakini usimfungie njaa kabisa, hasa kama ni mnene: punda akiacha kula ghafla, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua. Mpe nyasi kavu.

Kama kwato ni safi na bado anajikokota, fikiria baridi yabisi. Dalili yake ni ile uliyoniandikia: asubuhi mgumu, akitembea kidogo anachangamka, magoti yamejaa, analala muda mrefu kwa sababu kuinuka kunamuuma. Viungo vilivyoisha havirudi. Unachoweza kufanya ni kumrahisishia maisha, na hapa ndipo namwita kaka yako akae chini tupige hesabu.

Jerikeni moja la lita 20 ni kilo 20. Manne ni 80, kabla ya kamba na matandiko. Punda wetu wengi hawafiki hata kilo 200. Najua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na najua pia kwamba akibeba machache mgongo wa mwanamke ndio utakaobeba yaliyobaki. Sisemi jambo jepesi. Lakini mzee huyu apewe mawili, moja kila upande, na punda kijana apewe safari ndefu. Au mpeni kazi za karibu, kuni za jirani na nyumbani, muda wa jua la asubuhi. Kumfungia ndani kabisa pia si dawa, maana kiungo kisichotembea hukakamaa. Siku ya kuhamia malishoni asibebeshwe vifaa vya nyumba, atembee mtupu.

Kamba ya kumfunga miguu ya mbele usiku ifunguliwe. Huyo haendi mbali. Ile kamba nyembamba hukata ngozi na humfanya aruke kwa miguu miwili, na kila mruko unaliumiza goti.

Dawa: usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, na usinunue sindano dukani kwa kukisia. Zipo dawa za maumivu zinazomfaa, ila mwili wa punda huzitumia nyingi kati yake haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo ni cha daktari. Na kuchoma kiungo kwa chuma cha moto, wazee wangu mnisamehe, kunaongeza kidonda juu ya maumivu. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza pia kumfanyisha kazi mnyama asiyeiweza, ingawa sijaona anayeuliza hayo pale kisimani.

Kuhusu kuuza, kaka, ujue unamuuzia nani. Machinjio manne yaliyopewa leseni nchini kuanzia 2016 yalifuata ngozi ya kupeleka China, wizi ukaenea, na wanawake wengi wakaamka asubuhi hawana wa kubeba maji. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi hizo kwa miaka 15. Dalali anayemtaka punda anayechechemea hamtaki kwa kubeba maji. Bei atakayokupa ipime na bei ya punda mwingine kijana uone kama inafika.

Ikitokea siku hawezi kuinuka, hali chakula, na daktari amesema hapana, mwombeni ammalize kwa dawa, msimwache juani akaliwe na fisi angali hai. Mzoga uzikwe au uchomwe, maana dawa hiyo huua pia ndege na mbwa watakaoula. Yule mwenzake aliyefungwa naye miaka yote mwacheni amnuse kwanza, la sivyo atazunguka akilia na kumtafuta. Kisha mwangalieni anavyokula. Akikataa nyasi siku nzima, msingoje ya pili, mpigieni daktari tena.