KUHUDHURISHA MOYO KATIKA SALA

 

Wanafunzi wapenzi, baada ya Magharibi moja tuliwauliza: imamu amesoma sura gani katika rakaa ya pili? Wengi mlitazamana. Tuseme kweli, hata sisi walimu wapo waliosita.

Siku hizi baadhi ya skuli za Ulaya na Marekani zinasomesha watoto kutuliza fikra: kukaa kimya, kufuata pumzi, kuirudisha akili inapotangatanga. Asili yake ni dini ya Kibudha, na mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliiingiza hospitalini huko Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu. Waingereza waliijaribu kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wao wa miaka 11 hadi 14. Matokeo yalipotoka mwaka 2022, waliosomeshwa hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao, na wengi walikuwa hawafanyi mazoezi nyumbani. Hapo tutie akilini: somo lisilotendwa hubaki daftarini.

Sisi tumepewa mazoezi mara tano kwa siku. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ametaja katika Ihyaa mambo sita yanayoihuisha sala: moyo kuhudhuria, kufahamu, kutukuza, haiba, matumaini na haya. Kuhudhuria ndiko kulikotangulia. Akasema moyo hupotezwa na sababu za nje na za ndani. Za nje tunazijua hapa Mji Mkongwe: honi za vespa vichochoroni, simu inayotetemeka mfukoni. Basi izimeni kabisa, si kuiondoa sauti tu. Na mwenye njaa akishawekewa urojo, ale kwanza, Mtume (S.A.W.) amekataza kusali chakula kikiwa kimeshaandaliwa.

Za ndani ni ngumu zaidi: mtihani, mpira, ugomvi wa jana. Dawa yake ni kuupa moyo kazi nyingine, nayo ni maana ya unachokisoma. Ndiyo maana mwaka huu tunarudia tafsiri ya Al-Fatiha neno kwa neno, ingawa wakubwa mnalalamika kuwa mmeshaihifadhi tangu mkiwa wadogo.

Wala asikate tamaa mwenye wasiwasi. Sahaba Uthman bin Abil-Aas (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa shetani anamvurugia sala na kisomo chake. Akaambiwa huyo anaitwa Khinzab, ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na ateme kidogo kushotoni mara tatu. Akafanya, ikamwondokea. Imepokewa na Muslim.

Lakini huzuni isiyoondoka, au kukosa usingizi siku nyingi, ni maradhi kama maradhi mengine. Mwambie mzazi au mwalimu wako, upelekwe kwa daktari. Si upungufu wa imani.

Kazi ya wiki hii: kabla ya takbira simama kidogo mpaka ujue unasali sala gani. Katika rukuu usiinuke mpaka viungo vitulie. Alkhamisi tutauliza tena sura ya imamu.