Bonsai yako ya kwanza: anza na mbegu ya waridi la jangwani, usiing'oe nyikani

Bonsai ni mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chombo, lakini ukabaki na umbo la mti mkubwa uliokomaa. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni mmea uliopandwa kwenye sinia. Sanaa yenyewe ilianzia Uchina kabla ya kustawishwa nchini Japani.

Wakaazi wengi wanaovutiwa na miti hii huogopa kuanza. Bonsai nyingi hutaka maji karibu kila siku, na nyumba nyingi za Pwani hupata maji kwa mgao. Somo la toleo hili linahusu mmea usio na taabu hiyo: waridi la jangwani, kwa jina la kisayansi Adenium obesum. Shina lake lililovimba huhifadhi maji, na maua yake ya waridi huonekana hata wakati wa ukame. Si mgeni kwetu. Humea wenyewe kwenye nyika kame za Kenya, ikiwemo hapa Pwani.

Kwa sababu humea wenyewe, wako wanaouchimba nyikani na kuupeleka nyumbani au sokoni. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kwa nini usichimbe

Waridi la jangwani lenye shina nene limechukua miaka mingi kufikia hapo. Likichimbwa, mizizi mikubwa hukatika, na mara nyingi jeraha hilo huingiwa na uozo. Mnunuzi hubaki na mmea unaokufa polepole, na nyika hupoteza mmea mzazi uliokuwa ukitoa mbegu.

Sheria pia inahusika. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mazao ya msitu bila kibali, na mimea ni sehemu ya mazao hayo. Ukiletewa mmea mkubwa uuzwe kwako, muulize muuzaji ulikotoka. Wa kitalu huwa na mizizi iliyozoea chombo. Uliochimbwa huwa na mizizi iliyokatwa kwa panga au jembe.

Kupata mbegu na kuipanda

Mbegu hukaa ndani ya maganda marefu yanayoota mawili mawili kama pembe za mbuzi. Kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, hivyo ganda likipasuka upepo huzitawanya. Kama jirani ana mmea bustanini, mwombe ruhusa ufunge ganda kwa uzi kabla halijapasuka. Vitalu vya miche navyo huuza mbegu au miche midogo.

Unaweza pia kupanda tawi lililokatwa, lakini mmea wa tawi mara nyingi hauvimbi shina vizuri. Uzuri wa bonsai hii uko kwenye shina, kwa hiyo mbegu ndiyo njia bora.

Changanya sehemu mbili za mchanga wa chembe kubwa na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Usitumie mchanga wa ufuoni, kwa kuwa una chumvi. Laza mbegu juu ya mchanganyiko, ifunike kwa mchanga kidogo tu, kisha iweke mahali penye joto na unyevu. Mbegu mpya huchipua kwa muda wa wiki moja hivi. Mche ukiwa na majani kadhaa, uzoeshe jua polepole.

Maji na jua

Waridi la jangwani linahitaji jua la moja kwa moja, angalau saa sita kwa siku. Mmea uliowekwa sebuleni hurefuka na kuwa mwembamba, na hautoi maua.

Kuhusu maji, kanuni ni moja: mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chombo, kisha usirudie hadi udongo ukauke. Chomeka kijiti udongoni. Kikitoka na udongo umekigandia, subiri. Wakati wa kaskazi huenda ukamwagilia mara mbili kwa wiki. Wakati wa kusi, hali ya hewa ikipoa na majani yakianza kupukutika, punguza sana. Mvua za masika zikianza, usogeze mmea chini ya upenu wa nyumba.

Mimea hii hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ukibonyeza shina likawa laini na lenye majimaji, uozo umeingia. Utoe mmea chomboni, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama safi, uache kivulini siku kadhaa jeraha likauke, kisha upande upya kwenye udongo mkavu.

Kuupa umbo la mti

Mwaka wa kwanza acha shina linenepe. Baada ya hapo, kazi ni tatu.

Kwanza, kata kilele. Fanya hivyo joto linaporudi, mwezi wa Septemba hivi, kabla ya mvua za vuli. Tumia kisu kikali kilichosafishwa kwa spiriti. Chini ya mkato yatachipua matawi kadhaa. Bakisha mawili au matatu yanayoelekea pande tofauti.

Pili, inua mizizi. Kila unapohamisha mmea, baada ya miaka miwili hivi, upande ukiwa juu zaidi kwa sentimita mbili. Mizizi minene itaanza kuonekana juu ya udongo kama ya mti wa zamani. Ukikata mizizi, iache ikauke siku chache kabla ya kupanda, na usimwagilie kwa wiki moja.

Tatu, elekeza matawi kwa kamba laini iliyofungwa kwenye ukingo wa chombo. Waya uliokazwa hukata ganda, na alama yake hukaa muda mrefu.

Chombo kisiwe na kina kirefu, na lazima kiwe na matundu chini. Chungu kipana cha udongo kinafaa. Hata beseni kuukuu lililotobolewa linatosha kujifunzia.

Onyo kwa wenye watoto na mifugo

Utomvu wa mmea huu ni sumu inayoathiri moyo. Katika sehemu kadhaa za Afrika, wawindaji waliupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapokata, usijiguse macho, na unawe mikono kwa sabuni. Matawi uliyokata yazike. Usiyatupe mahali ambapo mbuzi hupita. Weka chombo mahali ambapo mtoto hafikii. Mtu akitafuna sehemu yoyote ya mmea, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe kipande cha mmea ndani ya mfuko ili mhudumu ajue alichokula.

Kama nyumba ina watoto wadogo na hakuna mahali pa juu penye jua, chagua mmea mwingine. Portulacaria afra, wenye asili ya Afrika Kusini, una majani madogo manene yasiyo na sumu, huota kwa urahisi kutokana na tawi, na hufuata kanuni ile ile ya maji.

Thamani ya kungoja

Mmea wa mbegu ukipata joto na jua la kutosha unaweza kutoa maua ya kwanza ndani ya miaka miwili. Umbo la mti wa zamani huja baadaye, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo thamani yake inavyopanda. Kijana au kikundi cha akina mama kinachopanda mbegu ishirini leo kitakuwa na mimea ya kuuza ambayo mnunuzi anaweza kuonyeshwa ilikotoka, na nyika itabaki na yake.

Kwa ushauri kuhusu udongo, wadudu au kuanzisha kitalu, mwone afisa wa kilimo nyanjani katika wadi yako.