Maji Kutulia Si Kuwa Salama

Mvua kubwa inaponyesha nyanda za juu, Mto Tana hufika Garsen ukiwa umejaa tope. Familia nyingi huyaacha maji hayo kwenye ndoo usiku kucha, lakini asubuhi bado yana ukungu. Sababu ni kwamba chembechembe ndogo za udongo zina chaji hasi ya umeme. Husukumana, hazishikani wala hazizami.

Shabu hutatua tatizo hilo. Chaji yake ni kinyume cha ile ya tope, hivyo chembechembe hushikana na kuwa mabonge mazito yanayozama. Mitambo mingi ya kusafisha maji mijini hutumia shabu vivyo hivyo. Protini iliyomo kwenye mbegu za mlonge pia hufanya kazi hiyo. Nchini Sudan, wanawake wanaoishi kando ya Mto Nile wametumia udongo maalumu wa mfinyanzi uitwao rauwaq. Hata hivyo, si kila udongo unafaa, na ule uliochimbwa karibu na choo au zizi huongeza uchafu.

Hatua za kufuata nyumbani kwa ndoo ya lita 20:

1. Chuja maji kwa kitambaa safi.
2. Zungusha kipande cha shabu ndani ya maji kwa sekunde chache. Anayetumia mlonge amenye mbegu kavu, takriban moja kwa kila lita ya maji machafu sana, azitwange, achanganye na kikombe cha maji safi, achuje na kumimina.
3. Koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano hadi kumi.
4. Funika, acha saa moja au zaidi, kisha mimina maji ya juu kwenye chombo safi bila kutibua tope.
5. Chemsha hadi yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30.

Hatua ya tano isirukwe. Maji yanayong'aa bado yanaweza kubeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Vilevile, klorini ikitiwa kwenye maji yenye tope hupungua nguvu, na viini hujificha ndani ya tope hilo. Ndiyo maana kutuliza maji hutangulia, na kuua viini hufuata.

Njia hii haiondoi chumvi. Maji yaliyosafishwa kwa mlonge yatumiwe siku hiyohiyo, kwani huharibika haraka. Mtu anayeharisha sana afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.