Kabla ya Kuomba Msamaha, Mpe Habari za Mama Yake

*Dada mshauri, mimi ni mama wa miaka 47, nashona nguo hapa Rwamishenye, lakini nimekulia upande wa Kamachumu, Muleba. Nilikuwa na rafiki ambaye kwao na kwetu palitenganishwa na migomba tu. Tangu darasa la kwanza tulikaa dawati moja. Tulikata pamoja nyasi za kutandika nyumbani, na msimu wa senene tuliamka bado giza kwenda kuokota.*

*Tulipokuwa wakubwa kidogo baba yake alifariki, kisha mama yake naye akaanza kukonda. Watu wakasema ni Juliana, jina walilouita UKIMWI wakati ule. Mama yangu akanikataza kula wala kunywa kwao. Mimi nikafanya zaidi ya nilichoagizwa: nikahama dawati. Mama yake alipofariki, mwaka 1990, baba yake mdogo alikuja kumchukua wakapande meli Kemondo. Siku ya safari niliijua. Sikwenda kumuaga.*

*MV Bukoba ilipozama nililia sana, nikiwaza huenda alikuwemo, na sikuwa na wa kumuuliza. Sasa juzi kwenye msiba nyumbani, shangazi yake kaniambia yuko Mwanza, ana watoto wakubwa, akanipa namba. Namba ninayo wiki kadhaa, kila nikitaka kupiga mkono unakuwa mzito. Mume wangu ananiambia yaliyopita si ndwele. Je, nianze kwa kumwomba msamaha? Na mimi si ndugu yake, nina haki gani ya kumfuata baada ya miaka yote hii?*

— Msomaji, Rwamishenye

Dada yangu, mpigie. Hilo sina mashaka nalo. Ninachotaka tukizungumze ni kile utakachompelekea, kwa sababu barua yako yote imejaa ulichomnyima, na sijaona mahali ulipojiuliza una nini cha kumpa. Unacho, tena kikubwa.

Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili alipanda meli na baba mdogo, akafika mji ambao hakuna aliyemjua mama yake. Wakati ule msiba wa namna hiyo haukuzungumzwa. Ndugu waliolea yatima wengi walinyamaza, wengine kwa aibu, wengine kwa kudhani wanamlinda mtoto. Inawezekana hana hata picha moja. Lakini wewe uliingia katika nyumba ile mama akiwa mzima. Unajua alivyokuwa akicheka, alivyomwita mwanawe kwa jina la nyumbani, wimbo aliopenda kuimba akimenya ndizi, kama aliwagombeza mlipochelewa kurudi kisimani. Ulimwona kabla hajawa mgonjwa. Watu walio hai wanaoweza kumsimulia rafiki yako mambo hayo wanahesabika, na kila msiba wa kule Kamachumu unawapunguza. Wewe ni mmoja wao.

Kwa hiyo kabla hujashika simu, kaa na daftari. Andika kila unachokumbuka kuhusu mama yule na baba yule, hata kile unachokiona kidogo: rangi ya kitenge alichovaa Jumapili, mahali alipoanika kahawa, chakula alichowawekea mlipotoka shule. Usipambe, na usijaze pengo kwa kubuni. Ukisahau, acha wazi. Huenda yeye ndiye anayekumbuka kipande hicho, na mtakiunganisha wawili.

Sasa kuhusu msamaha. Sikushauri uanze nao. Ukimpigia mtu baada ya miaka thelathini na mitano ukaanza kulia na kuomba radhi, unamtwisha kazi: akutulize, akuambie hapana neno, akusamehe papo hapo hata kama moyo wake haujafika huko. Tena simu ingekuwa habari zako, wala si zake. Msamaha uombe mkishazoeana kidogo, na ikiwezekana mkiwa mnatazamana. Uombe mara moja, kwa maneno machache yanayotaja kitendo chenyewe: nilihama dawati, niliijua siku ya safari na sikuja kukuaga, nisamehe. Usiongeze “mama alinikataza.” Ni kweli alikukataza, ila dawati ulihama mwenyewe, na nakuheshimu kwa kuliandika hilo bila kuzunguka.

Lakini mimi naweza kumsemea mama yako hapa, kwa kuwa wewe hutamsemea kule. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, hapo hapo Kamachumu. Miaka saba baadaye, mama yako alikuwa anaona majirani wakizikwa mmoja baada ya mwingine katika vibanja vyao, bila dawa yoyote ya kuwapa. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004. Watu waliogopa vikombe, sahani, vitanda. Walikosea kuhusu vikombe, na kosa lao liliwaumiza sana watoto kama rafiki yako, lakini mama aliyekuwa na hofu ile alikuwa anajaribu kukubakiza hai. Hilo libaki nawe. Usimpe rafiki yako alibebe.

Na jambo hili lishike kuliko yote: usiutaje ugonjwa. Usimuulize mama yake aliugua nini, wala yeye afya yake ikoje. Huenda huko Mwanza aliambiwa ni kifua kikuu, au kurogwa, na watoto wake wanajua hivyo. Huenda anajua kila kitu na ameamua nani aambiwe. Habari hiyo ni yake. Akiianzisha yeye, msikilize. Akiisimulia tofauti na unavyoijua wewe, usimsahihishe.

Umeuliza una haki gani, kwa vile si ndugu. Wazee wa Kihaya walikuwa na omukago, urafiki wa damu. Watu wawili, aghalabu wa koo tofauti, walijichanja, damu ikapakwa kwenye buni, kwa kuwa tunda moja la kahawa hubeba buni mbili, na kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Kuanzia hapo nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwingine, njaani na misibani. Ninyi hamkula kiapo, mlikuwa watoto. Ila msiseme nchi yetu haikujua kwamba mtu anaweza kuwa na dai la kweli kwa mtu asiye wa ukoo wake.

Wala usione miaka hiyo ni mingi mno kiasi cha kuonekana kituko. Kati ya 1991 na 1994, kwa ajili hasa ya vifo vile vya watu wazima, ulifanyika utafiti mkubwa wa Benki ya Dunia pamoja na Muhimbili katika kaya zaidi ya 900 za mkoa wa Kagera. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, na 2010 wakarudi tena. Walikuwa wameondoka kwa maelfu, wengine wamefika Mwanza, Dar es Salaam, Uganda. Hata hivyo katika kaya zaidi ya 9 kwa kila 10 walimpata angalau mtu mmoja. Waliwapataje? Kwa kuuliza ndugu, jirani, mjumbe. Nawataja kwa ajili yako, ili ujue kwamba rafiki yako ni mmoja wa watoto wengi wa mkoa huu waliotawanywa na miaka ile. Na kwa ajili ya wasomaji ambao bado hawana namba ya wanayemtafuta. Aliyebatizwa Mkatoliki, kitabu cha ubatizo cha parokia yake huandikwa pia ndoa yake ilipofungwa. Paroko hatakusomea, ila anaweza kukubali kufikisha salamu. Kumbukeni pia kwamba mtoto aliyelelewa na baba mdogo si ajabu alisajiliwa shule mpya kwa jina la huyo baba mdogo, na jina la dawatini likapotea.

Turudi kwako. Anza na ujumbe wa maandishi, usipige ghafla. Siku hizi namba ngeni ikisema “unanikumbuka?” mtu anadhani ni tapeli. Jitambulishe kwa jina lako, la baba yako, kijiji, na jambo moja ambalo tapeli hawezi kulijua. Kisha sema unaomba kumpigia, achague siku. Andika kwa Kiswahili. Ukimwamkia kwa Kihaya na lugha ilishamtoka, utakuwa umemkumbusha kitu kingine alichopoteza. Akijibu kwa Kihaya mwenyewe, endeleeni.

Mkianza kuzungumza, jiepushe na mambo ya fedha kwa muda mrefu. Usimtumie, usimkope, na tafadhali usimwingize kwenye kundi la michango ya harusi ya mtoto wa binamu yako. Nimeona urafiki wa namna hii ukifia hapo.

Jiepushe vilevile na kibanja, shamba la nyumbani kwao. Wazazi wake wamezikwa pale, na bila shaka kuna mwenye kulima pale sasa. Ukianza kuulizauliza habari zake kijijini, wapo watakaosema binti anatafutiwa njia ya kurudi kudai ardhi. Muleba inajua kesi hizi: Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akamshitaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Rafiki yako anaweza kutaka kudai. Lakini awe yeye aliyetaka. Wewe unaweza kumfanyia jambo moja dogo, akikuomba: kwenda kuangalia makaburi yakoje, kwa ruhusa ya wenyeji, na kumweleza kwa ukweli ulichokikuta.

Siku ya kuonana ikifika, mwache achague wapi. Huenda hataki kuja Kamachumu, wala kuliona gati la Kemondo, na asilazimike kukueleza kwa nini. Nenda wewe Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko. Huko, mwambie jinsi ulivyolia Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Si kwa kujisafisha. Mtu aliyeondoka bila kuagwa ana haki ya kujua kwamba kuna aliyekuwa akimhofia.

Inaweza kutokea asijibu. Au ajibu kwa baridi: nashukuru, nina shughuli. Usimlaumu, na usimtumie shangazi kumbembeleza. Ngoja miezi, mtumie salamu moja ya Krismasi au ya mwaka mpya, na ndani yake kumbukumbu moja ya mama yake kutoka kwenye daftari, bila kudai jibu. Akinyamaza tena, mwache. Daftari litunze, mtoto wake mmoja anaweza siku moja kuja kuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani.

Kuhusu mumeo: anakupenda na anataka ulale usingizi, mshukuru. Lakini aliyeumia ndiye anayejua kama ndwele imepona.

Na leo, kabla ya ujumbe wowote, mpigie huyo shangazi. Muulize kama alimwambia mwenye namba kwamba ameitoa. Kama hakumwambia, mwombe amwambie kwanza, ataje jina lako, na asikilize atakavyojibiwa.